Kaburi Lenye Madirisha

Aikande Mosha alijua kwamba amekufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, andazi likiwa bado mdomoni.

Habari hiyo aliletewa na Sifuni Mbwambo, karani wa daftari katika Ofisi ya Mstari, Mpare mwembamba aliyekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka tisa na ambaye hakuwahi kumletea habari njema hata moja. Alisimama mbele ya meza, kishikwambi amekikumbatia kifuani, akakohoa.

"Dada Aikande, pole kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Aikande alimeza andazi, akajipangusa vidole. "Sifuni, leo sina nafasi ya utani wenu."

"Ningekutania ningechagua jambo lingine. Pingamizi lako la Lyasongo limerudishwa. Soma mwenyewe."

Akasoma. Pingamizi dhidi ya mradi uitwao Pumziko la Mababu halikupokelewa, kwa sababu mkaguzi aliyelitia saini alifariki dunia tarehe tatu mwezi uliopita, na saini ilikuwa ya tarehe tisa mwezi huu. Chini kabisa mashine ilikuwa imeongeza, kwa ile adabu yake ya kijinga, kwamba ofisi inaungana na familia katika kipindi hiki kigumu.

"Inaungana na familia," Aikande akasema. "Haya. Nani kaniua?"

Sifuni alikitazama kishikwambi ingawa jibu alikuwa nalo kichwani. "Aliyeleta taarifa ni Elinami Mosha, mdogo wake marehemu. Akaomba hapohapo saruji ya kaburi la heshima. Mifuko mia mbili."

"Mia mbili yote ya nini? Mimi ni mrefu kiasi gani?"

"Wewe ni mtumishi wa daraja la kwanza, dada. Marehemu wa kawaida anapewa kumi na miwili. Wewe una haki ya kuta, paa, na mahali pa waombolezaji kukaa."

Kwa mtu asiyejua habari za saruji, haya yangekuwa mambo ya kucheka na kusahau. Lakini tangu Mstari ulipochorwa kuuzunguka mji, hakuna mfuko wa saruji uliouzwa huko usio na vijidudu ndani yake. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyoshikanisha mchanga na kokoto, na hufanya kazi kwa amri. Minara iliyoko katikati ya jiji huvirushia mawimbi usiku na mchana, navyo vikiwa ndani ya Mstari hubana mpaka ukuta unakuwa mgumu kuliko jiwe. Uvushe mfuko huohuo nje ya Mstari, vijidudu vinakosa amri, vinaachia, na katika muda wa saa moja ukuta wako ni uji. Ndiyo maana jiji lilijengeka kwenda juu badala ya kusambaa mlimani. Hakukuwa na haja ya mabuldoza, wala ya askari wa kumpooza kwa chai, maana kijidudu huwezi kumtoa pembeni mkazungumza. Nje ya Mstari ruhusa ilikuwa kujenga kwa miti, udongo na nyasi. Na mtu wa kwetu ukimwambia ajenge kwa udongo anakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Kisha likaja suala la makaburi. Uchagani mtu huzikwa kihambani kwake, kati ya migomba yake, na kaburi husakafiwa likapendeza. Mwaka wa kwanza wa Mstari, katika mvua za masika, kaburi la mama wa diwani mmoja liliyeyuka mbele ya wageni wa Pasaka, msalaba ukalala kifudifudi kwenye tope. Mwezi haukuisha, sheria ikapita: saruji ya kaburi ingeshika popote, kwa kibali chenye jina la marehemu, na kibali kingeendelea kuwa hai muda wote ambao mwenye jina angeendelea kuwa amekufa. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wataalamu wa kuja. Waliamini kwa dhati kwamba hakuna binadamu atakayemzushia ndugu yake kifo kwa ajili ya sakafu.

Aikande aliwadharau tangu siku hiyo. Yeye alizaliwa huko, na kila Desemba alikuwa akiwaona ndugu zake wakirudi nyumbani kwa Krismasi, wanasimama barabarani kabla hata ya kuwasalimu wazazi, wanalinganisha mapaa.

Aliyeupeleka ujanja huo mbali kuliko wote alikuwa Anaeli Kiwia, tajiri wa mahoteli. Huyu alikuwa amekusanya mababu sitini na wawili, wengine wa koo ambazo hazikumfahamu hata kwa jina, akawaombea saruji kwa pamoja ili awajengee kaburi moja la ghorofa mbili, hilo Pumziko la Mababu, katika bonde la Lyasongo. Kwenye mchoro kaburi hilo lilikuwa na vyumba arobaini vya waombolezaji, na nje yake shimo refu la maji lililoandikwa "bwawa la tafakari". Lyasongo lilikuwa bonde la mwisho la nyasi upande ule wa mlima. Mvua ikinyesha pale inazama, na inakozama ndiko visima vya jiji vinakochota maji. Aikande aliandika kwenye pingamizi lake kwamba hajawahi kuona mwombolezaji aliyevaa nguo ya kuogelea, na kwamba ombi likataliwe.

"Wanafunga lini?" aliuliza.

"Kesho saa sita mchana. Pasipo pingamizi, kibali kinatoka chenyewe."

"Basi lete nisaini upya."

"Marehemu hasaini, dada. Na nafasi ya mkaguzi wa pili iko wazi tangu mwaka juzi." Sifuni alishusha sauti, kwa huruma ambayo Aikande hakuizoea. "Lazima kwanza uthibitishe uhai, na hiyo hufanyika kaburini. Unaweka dole gumba kwenye kibao chenye jina lako. Kibali kinafutwa, wewe unafufuka, na saini zako zote zinafufuka nawe."

"Na kaburi?"

"Linaachia."

* * *

Mkurugenzi wa Ofisi ya Mstari, Bwana Makundi, alimpokea akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia alipokuwa hai.

"Karibu, mama Mosha, karibu. Nimesikia. Pole sana."

"Sijafa, Mkurugenzi."

"Ndiyo, ndiyo, naona." Alicheka kidogo, akakaa. "Ila lazima niseme, kaburi zuri sana."

"Umeliona wapi?"

"Droni imepita jana. Lina madirisha."

Makundi alikuwa mtu laini, mwenye mikono laini na maneno laini, aliyefika kwenye kiti kile kwa kutokuwepo kila mahali palipokuwa na ugomvi. Aikande alimdharau bila hata kujitahidi. Asubuhi hiyo, hata hivyo, mtu huyo laini alikuwa ameshika kitu kigumu, na alikuwa akikigeuzageuza kabla ya kukitoa.

"Lina madirisha manne," Makundi aliendelea, "na jiko nyuma. Kuna bibi mmoja anaanika maharage uani. Nadhani ni mama yako."

Hapo Aikande akatafuta kiti mwenyewe. Mama yake, Bi Ndeonasia, alikuwa ameishi naye mjini miaka minne, ghorofa ya kumi na nne, tangu nyumba ya mbao ya kihambani ilipooza na kuanguka. Miaka minne ya kumwona akikaa dirishani, ameligeuzia jiji mgongo, anatafuta kwa macho mahali migomba inapoanzia. Mwaka wa mwisho alikuwa ameacha hata kulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Aikande kuliko malalamiko yote. Miezi miwili iliyopita Elinami alikuja akamchukua, akasema anakwenda kumpumzisha kwake. Aikande alishukuru na, Mungu amsamehe, akafurahia kukipata chumba alichokiacha mama.

"Tuongee kama watu wazima," alisema Makundi. "Wewe kaa hivyohivyo mpaka Ijumaa. Siku tatu tu za kuwa marehemu, nani atakulaumu? Ijumaa tutasema karani alikosea. Unafufuka, nami ile nyumba ya mama yako naiandikia kibali maalumu cha kudumu. Mama anakaa kwake, wewe unakaa kwako, na kazi inaendelea."

"Na Lyasongo?"

Mkurugenzi alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya tai. "Lyasongo ni majani, mama Mosha."

Kwa miaka ishirini na miwili watu walikuwa wamempa Aikande vitu ili afumbe macho: mbuzi, viwanja, safari, hata mchumba mara moja. Kuvikataa hakukumgharimu kitu kwa kuwa hakuvitaka, naye kwa kukataa huko alijiona mtu wa maana sana. Leo, kwa mara ya kwanza, walikuwa wamempa kitu alichokitaka. Ilimuuma kugundua kwamba uadilifu wake wote huo haukuwahi kupimwa.

"Nitafikiri," alisema, akajichukia papo hapo kwa kulisema neno hilo.

"Fikiri," akasema Makundi. "Pumzika kwa amani." Kisha akaona aibu, akajifanya ana simu.

* * *

Jumatano asubuhi Aikande alipanda gari la waya mpaka kituo cha mwisho, akashuka, akauvuka Mstari kwa miguu.

Mstari wenyewe haukuwa ukuta. Ulikuwa safu tatu za masale, yale majani marefu ya kijani ambayo kila Mchaga hupanda mpakani na makaburini. Wataalamu wa kuja walipoyaona mipakani walifurahi sana, wakasema hii ndiyo alama ya watu hawa, tuitumie. Hawakuuliza masale yana kazi gani nyingine. Wangeuliza, mtoto yeyote angewaambia kwamba mtu akikukosea, hata akikuchomea nyumba, kisha akaja na jani la masale mkononi, huwezi kumkatalia msamaha. Kwa hiyo waliuzungushia mji mzima, kilometa themanini, mmea wa kuombea radhi. Kila kijiji kilichopakana na Mstari kilikuwa na watu waliolielewa jambo hilo vizuri kabisa, na wakaguzi walioletewa majani mpaka wakachoka.

Nyuma yake yalibaki majengo ya ghorofa thelathini kwenda juu, nguo zimeanikwa kila dirisha. Mbele ilianza migomba, na kati ya migomba, kila baada ya hatua mia mbili hivi, makaburi. Alitembea akiyahesabu kwa macho ya kazi. La kwanza lilikuwa kaburi la kweli. La pili pia. La tatu lilikuwa na kibaraza. La nne lilikuwa na geti na gari ndani yake. Mtu mmoja aliyekuwa akipaka rangi ukuta wa babu yake alimwona, akaishusha brashi, akaingia ndani ya babu akafunga mlango.

La kwake aliliona kabla ya kulifikia. Paa jekundu, kuta nyeupe, madirisha manne yenye mapazia. Mlangoni, mahali ambapo watu wengine huandika karibu, kulikuwa na kibao cha marumaru nyeusi: Aikande Mosha, mtumishi mwaminifu, amepumzika. Picha waliyotumia ilikuwa ya harusi ya Elinami, ambayo Aikande alikuwa amefumba macho. Ilifaa sana kwa kazi hiyo.

Mama yake alikuwa uani juu ya kigoda, anapepeta maharage. Alimwangalia mara moja tu, akaendelea kupepeta.

"Umekuja," alisema Bi Ndeonasia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

"Mama, unajua hii ni nyumba ya nini?"

"Ni nyumba." Bibi aliinua ungo, akapuliza makapi. "Njoo uione. Vua viatu."

Akaingizwa kwenye kaburi lake na kutembezwa. Sakafu ilikuwa laini, imepakwa nta nyekundu, na mama yake aliipitia bila kuburuta mguu, bila kushika ukuta, yeye ambaye mjini hakuweza kutoka chumbani mpaka chooni pasipo kusimama njiani. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha. Nje ya dirisha, hatua kumi tu, kulikuwa na kaburi la baba yao, dogo, la zamani, limezungukwa na masale aliyoyapanda mama mwenyewe.

"Asubuhi nikifungua macho namwona," alisema Bi Ndeonasia. "Nampa habari. Kule kwako nilikuwa nampa nani habari? Lifti?"

Aikande alishika fremu ya dirisha. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa vilio, kwa ndugu wenye njaa ya sifa. Hakuwa amejiandaa kumwona mama yake akiwa mzima tena.

"Kumzushia mtu kifo kunahitaji mashahidi wawili wa familia," alisema hatimaye. "Elinami ni mmoja. Wa pili ni nani?"

Bi Ndeonasia alilinyoosha shuka ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

"Mama. Uliweka dole?"

"Niliweka."

"Ulijua ni la nini?"

"Nilijua. Mimi si mjinga. Nikasema Aika yuko hai, anakula, anagombana na watu, karatasi itamfanya nini? Na kaburi la mtumishi ndilo lina paa." Sasa alimtazama usoni. "Nilitaka kufia hapa, mwanangu. Wewe ungenikubalia?"

Asingekubali, na wote wawili walijua. Angemwambia Mstari ni Mstari. Lakini iliuma, iliuma vibaya, kwamba mama yake aliuweka uhai wa mwanawe na sakafu kwenye mizani, akachukua sakafu.

Elinami alitokea nyuma ya migomba wakati huo, shati jeupe, viatu vimeng'aa, mtu wa miaka arobaini na sita anayetembea kana kwamba kuna mtu anampiga picha. Hakusalimu. Aliushusha uso, akanyoosha mikono yote miwili, na juu ya viganja kulikuwa na jani la masale.

"Dada," alisema, "nimekukosea."

"Hilo jani umelichuma wapi?"

Elinami alisita. "Hapo tu. Chini."

"Kwenye Mstari?"

"Yalikuwa karibu."

Aikande alitaka kucheka. Mdogo wake alikuwa amemuua, amejengea kifo chake nyumba haramu, kisha akaja kumwomba radhi kwa mali ya serikali aliyoichuma njiani kwa kuwa aliona uvivu kutembea hatua kumi zaidi. "Na udongo ulikushinda nini?" aliuliza. "Udongo ni ruhusa. Bonde zima hili ni udongo. Ungempa mama nyumba ya udongo miaka minne iliyopita, na mimi ningekuja kukukandikia."

"Dada, sikiliza. Mimi ni mtu mwenye jina. Krismasi wanakuja kina Shirima, wanakuja kina Ngowi, watu wa Dar es Salaam na wa Ulaya. Mama wa Elinami Mosha alale kwenye udongo? Watasema nini?"

"Watasema una dada aliye hai."

"Usinifanyie hivyo. Nimekuja na jani."

Mama yao alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi. Saa ya Aikande ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Alitoka nje, akasimama mbele ya kibao chake. Kutoka pale uliona mbali. Kule kushoto, chini ya ukungu mwembamba, lilionekana bonde la Lyasongo, nyasi tupu, ng'ombe wachache, hakuna kitu. Alijua vizuri kitakachotokea asipoweka dole. Saa sita Kiwia angepata kibali chake. Kufika Krismasi kila mwenye dada, shangazi au mjomba mtumishi angekuwa amemzika, mlima ungejaa makaburi yenye mapazia mpaka msituni, na miaka kumi baadaye watu wa maghorofani wangefungua bomba likatoa upepo. Na mama yake angekuwa amekufa siku nyingi, kwa raha, akiangalia kaburi la mumewe. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito. Watu laki nane na mabomba yao hakuwajua, na aliowajua hakuwapenda.

Alijaribu kumdharau Elinami ili kazi iwe rahisi. Ikashindikana, kwa sababu kila alipomtazama alimwona Kiwia, na kila alipomfikiria Kiwia alijiona yeye mwenyewe kesho, ofisini, mbele ya Makundi anayemkonyeza. Nyumba hii na hoteli ile zilisimama kwa ujanja mmoja, na akiiacha hii hatakuwa na neno la kumwambia yule. Angelazimika kuishi miaka yote iliyobaki akimwamkia Anaeli Kiwia kwa heshima. Alijichunguza akaona hawezi, na kwamba hata Lyasongo lingekuwa jangwa tayari, bado asingeweza. Haikuwa sababu nzuri sana ya kumtoa mama kitandani. Ndiyo aliyokuwa nayo.

"Mama," aliita, "toka nje. Kaa karibu na baba."

Bi Ndeonasia alielewa. Hakubisha. Alichukua kigoda chake kwa mkono mmoja na ungo kwa mkono mwingine, akapita katikati ya wanawe bila kumgusa yeyote, akaenda kukaa kando ya kaburi la mumewe, mgongo wake kwao, vilevile alivyokuwa akiligeuzia jiji.

Aikande alimgeukia mdogo wake, akalipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe," alisema.

Elinami alishusha pumzi ndefu. Uso ulimkunjuka, akaanza kutabasamu, akafungua mikono amkumbatie. Kila mtu aliyewahi kuleta jani katika nchi ile alijua kwamba hapo ndipo jambo linapoishia.

Aikande akaweka dole gumba kwenye kibao.

"Sasa toa vyombo," alisema.

Simu ya Aikande ililia mfukoni. Uhai umethibitishwa, kibali kimefutwa, saini za mhusika zimerejeshwa. Ofisi inaungana na familia katika furaha hii. Ndani ya nyumba nta ya sakafu ilitoa sauti ndogo ya kupasuka, kisha nyingine.

"Hujanisamehe," Elinami alisema, haamini. "Umelichukua jani halafu hujanisamehe."

"Nimekusamehe kabisa. Wala sina kinyongo. Una kama nusu saa kabla paa halijashuka. Anza na kitanda cha mama."

Kwa mara ya kwanza maishani Elinami alifanya kazi akiwa amevaa viatu vyake vizuri. Walitoa kitanda, godoro, sanduku la nguo, mtungi, picha ya baba, sufuria saba. Kufika saa sita kasoro tano madirisha yalikuwa yamekaa upande na kuta zinatiririka taratibu miguuni mwao, kijivu, bila kelele. Saa sita kamili Sifuni Mbwambo alituma ujumbe: pingamizi limepokelewa, Kiwia amekataliwa, karibu tena duniani, dada, kazi zako zimejaa mezani. Aikande aliusoma akairudisha simu mfukoni. Alikuwa ameshinda, na hakuna mtu pale wa kumwambia hongera.

Elinami alikaa juu ya sanduku, ameficha uso. Aikande alimwacha, akaenda kwenye kaburi la baba yao, akachuma jani la masale yaliyopandwa na mkono wa mama. Alipiga magoti mbele ya kigoda. Hakuwa amepiga magoti mbele ya mtu tangu kipaimara chake.

"Mama," alisema. "Nimekukosea."

Bi Ndeonasia alilitazama jani. Akamtazama mwanawe. Akatazama nyuma yake, mahali paa jekundu lilipokuwa limelala juu ya uji, na kitanda chake kilipokuwa kimesimama peke yake uwanjani na shuka lake lililonyooshwa. Mama kukataa jani ilikuwa haiwezekani. Kila mtu alilijua hilo, na Aikande alilijua kuliko wote, akangoja.

"Liweke hapo," mama yake alisema, akimwonyesha kwa kidevu ukingo wa kaburi la baba. "Nitalichukua siku ile nitakapolala tena ndani ya nyumba."

Kisha akainua ungo akaendelea kupepeta. Aikande aliliweka jani pale alipoambiwa, akaliwekea kijiwe juu lisipeperuke. Alivua viatu, akakunja sketi, akateremka mfongoni, kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, kutafuta udongo mzuri wa kukandika.